Kuendesha programu ya zamani kwenye Windows 11: mwongozo kamili

Huduma za Windows 10 zilifikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi zikalazimika kubadilisha kompyuta. Mashine mpya inafika na Windows 11, inawashwa, kila kitu kinang'aa, halafu anakuja karani wa stoo au mkutubi na swali moja: "Ile programu yetu iko wapi?" Ile programu ni ya mwaka 1998 au 2004. Aliyeitengeneza hapatikani tena na CD yake imekwaruzika, lakini ndani yake kuna orodha ya wanachama wa ushirika, kumbukumbu za wagonjwa au katalogi nzima ya maktaba.

Nyingi ya programu hizi zinafufulika, na gharama yake ni muda tu. Kinachowakwamisha watu ni kutoa dawa kabla ya kujua ugonjwa. Mtu anajaribu kila kitufe anachokiona, anawasha hiki na kuzima kile, na ikifika jioni hajui tena lipi limesaidia na lipi limeharibu. Kwa hiyo fuata mpangilio: okoa data, tambua programu ni ya kizazi gani, kisha anza na njia nyepesi na uende kwenye nzito pale tu nyepesi inaposhindwa.

Okoa data kabla ya kugusa kitu

Kama kompyuta ya zamani bado inawaka, usiifute wala kuigawa mpaka kazi yote iishe. Iwashe, hakikisha programu yenyewe imefungwa, kisha nakili folda yake nzima kwenye diski ya nje. Usichague mafaili yanayofanana na data ukaacha mengine. Programu za enzi hizo ziliweka mipangilio, leseni na data mahali pamoja, na mara nyingi faili dogo lenye jina lisiloeleweka ndilo linaloshika namba ya usajili.

Baada ya hapo tafuta data iliyojificha. Tangu Windows Vista, programu ya kawaida hairuhusiwi kuandika ndani ya C:\Program Files. Programu ya zamani haijui sheria hiyo. Inajaribu kuandika, na Windows, badala ya kuikatalia, inaelekeza maandishi hayo kimyakimya kwenye folda nyingine kabisa. Ili kuiona, fungua File Explorer na uandike kwenye upau wa anwani:

%localappdata%\VirtualStore

Hapa ndipo data ya miaka hupotea. Mtu ananakili C:\Program Files (x86)\Hesabu, anaipeleka kwenye mashine mpya, programu inafunguka vizuri, lakini rekodi zinaishia siku ile programu iliposakinishwa. Data yenyewe ilibaki VirtualStore. Tena kila mtumiaji wa kompyuta ana VirtualStore yake: ikiwa karani wa asubuhi na wa jioni huingia kwa majina tofauti, huenda kila mmoja amekuwa akiandika kwenye nakala yake bila mwenzake kujua. Ingia kwa jina la kila mtumiaji, linganisha tarehe na ukubwa wa mafaili, na uchukue yote, kila moja kwenye folda yake. Kuamua lipi ndilo la kweli ni kazi ya wenye ofisi. Fundi asiamue peke yake.

Malizia kwa picha za simu: dirisha la "About" lenye toleo na namba ya leseni, kila ukurasa wa mipangilio, na mpangilio wa printa. CD ya kusakinishia igeuze kuwa faili la ISO kwa programu ya bure kama ImgBurn wakati bado inasomeka, maana kompyuta nyingi za siku hizi hazina hata mlango wa CD.

Tambua programu ni ya kizazi gani

Programu za zamani unazoweza kukutana nazo ni za vizazi vitatu: za DOS, za Windows ya biti 16 (enzi za Windows 3.1), na za Windows ya biti 32. Windows 11 inaendesha programu za biti 32 bila shida, lakini za biti 16 na za DOS haiziendeshi kabisa. Toleo la biti 32 la Windows 10 liliweza, kwa sababu lilibakiza sehemu iitwayo NTVDM iliyokuwa ikizibeba programu hizo. Windows 11 haina toleo la biti 32. Ndiyo maana programu iliyofanya kazi vizuri hadi mwaka jana inaweza kugoma ghafla kwenye mashine mpya, na hakuna kitufe chochote ndani ya Windows 11 kitakachoibadilishia msimamo.

Kujua kizazi huhitaji chombo maalumu. Fungua Notepad, kisha buruta faili la .exe ulidondoshe ndani yake. Utaona herufi zilizovurugika. Zisikutishe, na usihifadhi chochote. Soma mistari ya mwanzo tu. Herufi mbili za kwanza kabisa ni MZ. Chini kidogo, kama unaona sentensi "This program cannot be run in DOS mode" na baada yake herufi PE zikifuatiwa na L, hiyo ni ya biti 32. PE ikifuatiwa na d ndogo ni ya biti 64. Programu zilizotengenezwa kwa Delphi huandika "This program must be run under Win32", nazo pia zina PE. Ukiona NE mahali pa PE, ni ya Windows ya biti 16. Na kama kuna MZ lakini hakuna PE wala NE, karibu hakika ni ya DOS.

Pima pia SETUP.EXE peke yake. Katika miaka ya 1995 hadi 2000 programu nyingi zilikuwa za biti 32 huku kisakinishi chake kikiwa cha biti 16. Windows 11 inavitambua baadhi ya visakinishi vya zamani vya InstallShield na kuvibadilisha yenyewe, lakini vingine vinagoma na mtu anadhani programu yote imekufa. Hapo ndipo ile folda uliyonakili inapokuwa na thamani: mara nyingi programu inafunguka moja kwa moja kutoka kwenye folda hiyo, ikidai vipande viwili vitatu tu ambavyo tutavishughulikia huko mbele.

Biti 32: anza na mahali unapoiweka

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote ya upatanifu, isakinishe programu nje ya Program Files. Kisakinishi kinapouliza mahali, futa kilichoandikwa na uandike kitu kama C:\Hesabu, jina fupi lisilo na nafasi. Badiliko hili moja huondoa matatizo mengi kuliko mipangilio mingine yote: programu inapata ruhusa ya kuandika kwenye folda yake, VirtualStore haiingilii tena, na nakala ya akiba inakuwa rahisi kwa sababu kila kitu kiko mahali pamoja. Kama mtumiaji wa kawaida bado anakataliwa kuandika, bofya kulia kwenye folda hiyo, chagua "Properties", kisha "Security", na uwape kundi la "Users" ruhusa ya "Modify" kwa folda hiyo tu.

Mafundi wengi huikwepa kazi hii kwa kuwasha "Run this program as an administrator" moja kwa moja. Mimi siipendi njia hiyo. Inampa kila karani nguvu za msimamizi kila anapofungua programu ya hesabu, na programu ya zamani ambayo haijapata sasisho lolote la usalama kwa miaka mingi ndiyo ya mwisho kustahili nguvu hizo. Itumie wakati wa kusakinisha na kwa mara ya kwanza ya kufungua, kisha iondoe.

Sasa kichupo cha "Compatibility". Bofya kulia kwenye .exe, fungua "Properties", kisha kichupo hicho, na uweke alama kwenye "Run this program in compatibility mode for". Jaribu Windows 7 kwanza, halafu Windows XP (Service Pack 3). Elewa kinachofanyika: Windows haifufui XP ndani yake. Inaiambia programu kwamba toleo ni la zamani, na kubadilisha tabia chache ilizozizoea. Inasaidia sana pale programu inapokataa kufunguka kwa sababu haijawahi kusikia toleo hili la Windows. Kipande kikikosekana, au programu ikiwa ya biti 16, haisaidii lolote.

Maandishi yakiwa madogo kama chungu au yenye ukungu, tatizo ni skrini mpya yenye nukta nyingi. Kwenye kichupo hichohicho bofya "Change high DPI settings", weka alama kwenye "Override high DPI scaling behavior" na uchague "System (Enhanced)". Ikivuruga vitufe, chagua "System".

Kisha tarehe, ambayo wengi huisahau. Kompyuta mpya nyingi huja na mpangilio wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Programu ya zamani husoma mpangilio huo kutoka Windows, kwa hiyo malipo ya tarehe 5 Machi yanaingia kama 3 Mei bila onyo lolote, na kosa linagundulika wakati wa kufunga hesabu. Kabla mtu yeyote hajaingiza rekodi hata moja, nenda "Control Panel", kisha "Region", na uweke "Short date" iwe dd/MM/yyyy, au dd/MM/yy kama ndivyo ilivyokuwa kwenye mashine ya zamani. Hapa ndipo zile picha za simu zinapolipa.

Vipande vinavyokosekana

Ujumbe unaotaja faili lenye mwisho wa .dll au .ocx unamaanisha programu imefika lakini wasaidizi wake hawajafika. Soma jina la faili. Linakuambia karibu kila kitu.

Likianza na MSVCR au MSVCP, unahitaji Visual C++ Redistributable kutoka tovuti ya Microsoft. Matoleo ya miaka mbalimbali hukaa pamoja bila kugombana, na programu ya biti 32 inataka toleo la x86 hata kama Windows yako ni ya biti 64. Kosa la kuchukua x64 peke yake limewapotezea watu siku nzima.

Kama inadai .NET Framework 2.0 au 3.5, andika "Turn Windows features on or off" kwenye kisanduku cha kutafutia na uweke alama kwenye .NET Framework 3.5, ambayo inabeba pia 2.0 na 3.0. Windows itataka kuipakua. Kama bando ni dogo au mtandao unakatika, chomeka flashi ya kusakinishia Windows 11 ya toleo lilelile la mashine yako, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike, ukibadilisha D kuwa herufi ya flashi yako:

dism /online /enable-feature /featurename:NetFx3 /all /source:D:\sources\sxs /limitaccess

Programu za Visual Basic 6 ziko nyingi sana, kwa sababu ndiyo lugha iliyotumiwa na waandaaji wengi wa mifumo midogo ya ofisi. Injini yake kuu bado imo ndani ya Windows 11. Kinachokosekana huwa ni vidhibiti vya ziada kama MSCOMCTL.OCX au COMDLG32.OCX. Vichukue kwenye CD ya programu au kwenye mashine ya zamani, kamwe usivichukue kwenye zile tovuti zinazogawa faili moja moja la DLL, kwa sababu huwezi kujua umeletewa nini pamoja nalo. Nakili kwenye C:\Windows\SysWOW64, kisha kwa Command Prompt ya msimamizi:

regsvr32 C:\Windows\SysWOW64\MSCOMCTL.OCX

Jina la folda hiyo linawachanganya wengi. Kwenye Windows ya biti 64, mafaili ya biti 32 hukaa SysWOW64, na ya biti 64 hukaa System32. Mkanganyiko huo unajitokeza tena kwenye ODBC, njia ya Windows ya kuunganisha programu na hifadhidata. Programu ya zamani inayounganika na hifadhidata kupitia ODBC inaona tu miunganisho iliyotengenezwa na chombo cha biti 32, ambacho ni C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe. Ukitengeneza muunganisho kwenye kile cha System32, utauona wewe, lakini programu haitauona.

Programu za Delphi zenye data ya Paradox hutumia Borland Database Engine (BDE). Mbili ndizo kero zake. Ya kwanza, inataka kuandika faili la PDOXUSRS.NET kwenye mzizi wa C:, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Fungua BDE Administrator kama msimamizi, nenda "Drivers", "Native", "Paradox", na ubadilishe NET DIR iwe folda ambayo watumiaji wana ruhusa nayo. Ya pili inashangaza: inalalamika "Insufficient disk space" kwenye diski yenye mamia ya GB yaliyo wazi. Injini hiyo huhesabu nafasi kwa namba za biti 32, hivyo nafasi iliyobaki inapokuwa juu kidogo tu ya kigawe cha GB 4, yenyewe inaona karibu sifuri. Tengeneza faili la kujaza la MB 500 na nafasi itasogea:

fsutil file createnew C:\Hesabu\jaza.tmp 524288000

Programu za Windows za biti 16

Mfano ulio hai ni WinISIS. UNESCO iliigawa bure familia ya CDS/ISIS, na maktaba na vituo vya nyaraka vingi vya Afrika viliitumia kuorodhesha vitabu na ripoti zao. WinISIS ni ya biti 16, kwa hiyo Windows 11 inaikataa papo hapo. Katalogi iliyoandikwa kadi kwa kadi na wakutubi ambao wengine wameshastaafu haifai kupotea kwa sababu hiyo.

Dawa yake ni winevdm, iitwayo pia otvdm, programu huria inayotafsiri maagizo ya biti 16 ndani ya Windows ya biti 64. Pakua faili la zip kutoka ukurasa wa mradi wake kwenye GitHub na ulifungue kwenye folda kama C:\otvdm. Nakili folda nzima ya WinISIS kutoka mashine ya zamani uiweke palepale ilipokuwa, kwa kawaida C:\WINISIS. Usiibadilishe njia hiyo, kwa sababu anwani za folda za data zimeandikwa ndani ya faili la SYSPAR.PAR na programu itazitafuta zilezile. Kisha buruta .exe ya WinISIS uidondoshe juu ya otvdmw.exe. Ikifunguka na kufanya kazi kwa siku kadhaa, tumia faili la kusajili lililomo kwenye zip ili programu za biti 16 zifunguke kwa kubofya mara mbili kama kawaida.

Kabla ya kuwarudishia wakutubi, jaribu mambo yanayoumiza zaidi: ongeza rekodi moja, tafuta kwa neno lililomo ndani yake, chapisha orodha fupi. Programu kufunguka peke yake si ushahidi kwamba inaandika sawasawa. Fanya majaribio hayo kwenye nakala, si kwenye data yenyewe.

Programu za DOS

Kwa programu za Clipper, FoxPro ya DOS, dBASE, au Epi Info 6 iliyotumika sana kwenye tafiti za afya, unahitaji kiigizi cha DOS. DOSBox ya kawaida inajulikana zaidi, lakini lengo lake ni michezo ya zamani. Kwa kazi ya ofisi chagua DOSBox-X, ambayo imeongezewa mambo ya uchapishaji. Isakinishe, fungua faili lake la mipangilio, na mwishoni, chini ya [autoexec], andika:

mount c C:\Dos
c:
cd \hesabu
hesabu.exe

Folda ya C:\Dos ya Windows ndiyo itakayokuwa C: ya programu. Tumia majina yasiyozidi herufi nane. Programu ikianguka na "Runtime error 200", ilitengenezwa kwa Turbo Pascal na inashindwa kupima kasi ya kichakataji cha kisasa; weka cycles=fixed 10000 kwenye sehemu ya [cpu] na upandishe taratibu ikiwa nzito mno.

Uchapishaji ndio unaowatoa watu jasho, maana programu ya DOS inajua LPT1 tu, na printa za leo ziko kwenye USB au mtandao. Katika DOSBox-X, sehemu ya [parallel] andika parallel1=printer, na sehemu ya [printer] andika printoutput=printer. Programu itadhani inaongea na printa ya Epson ya zamani, na karatasi itatokea kwenye printa yoyote iliyopo kwenye Windows.

Onyo moja kwa ofisi zenye watu zaidi ya mmoja kwenye data moja: programu hizi hutegemea kufunga rekodi wakati mtu anaihariri, na kupitia kiigizi ufungaji huo hauna uhakika. Mtu mmoja afungue kwa wakati mmoja, mpaka umejaribu vya kutosha kwenye nakala.

Mashine pepe: njia nzito, lakini ya kudumu

Pale njia zote hizo zinaposhindwa, au programu ikiwa na vipande vingi vilivyofungamana, weka Windows ya zamani nzima ndani ya kompyuta mpya. VirtualBox ya Oracle ni ya bure na inatosha. Utahitaji CD au ISO ya Windows XP au 7 pamoja na leseni halali.

Fungua Task Manager, "Performance", "CPU", uangalie kama "Virtualization" inasomeka "Enabled". Kama sivyo, iwashe kwenye BIOS. Tengeneza mashine mpya ya XP ya biti 32, ipe RAM ya MB 1024 na diski ya GB 20. Diski iwe kwenye kidhibiti cha IDE, kwa sababu XP haina draiva ya SATA na itakuonyesha skrini ya bluu. Sakinisha Windows, kisha "Guest Additions" kutoka menyu ya "Devices", ili skrini na kipanya vikae sawa na uweze kushirikisha folda. Folda ukiiita data kwenye mipangilio ya VirtualBox, ndani ya XP utaipata hivi:

net use x: \\vboxsvr\data

Kama mashine pepe inakwenda kwa kujikokota na chini ya dirisha kuna alama ya kobe, Windows 11 inautumia uwezo wa "Virtualization" kwa ulinzi wake yenyewe na VirtualBox imepewa njia ya polepole. Kwa programu ya hesabu inavumilika.

Kisha ikate kwenye mtandao: kwenye mipangilio ya "Network" chagua "Not attached". Usalama wa XP uliachwa tarehe 8 Aprili 2014, na hakuna antivirusi inayoliziba pengo hilo. Kwa sababu hiyohiyo, usikubali ushauri wa kuwasha SMB1, itifaki ya zamani ya kushirikishana mafaili kwenye mtandao, kwenye Windows 11 ili ionane na mashine ya XP. Kirusi cha WannaCry kilichosambaa Mei 2017 kilipita kwenye udhaifu wa itifaki hiyohiyo. Mafaili yapitie kwenye folda iliyoshirikishwa.

Kila kitu kikishafanya kazi, zima mashine pepe na utumie "Export Appliance" kuipakia yote kwenye faili moja la .ova, ulihifadhi kwenye diski mbili tofauti. Kompyuta ikiungua au kuibiwa, unalipakia kwenye nyingine na programu inaendelea. Faida hii peke yake inanifanya niipendekeze njia hii hata kwa programu ambazo zingeweza kulazimishwa kwa njia nyepesi lakini kwa kuungaunga.

CD ikiwa imepotea na mashine ya zamani ina Windows 7, tumia Disk2vhd ya Sysinternals. Inanakili diski nzima ya kompyuta inayofanya kazi kuwa faili la VHD, ambalo VirtualBox inaweza kulifungua. Huenda Windows hiyo ikadai kuwezeshwa upya, kwa sababu inajiona kwenye mashine nyingine.

Mahali njia hizi zinapoishia

Draiva haidanganyiki. Mashine ya maabara, skana au printa ya kadi yenye draiva ya biti 32 haitafanya kazi moja kwa moja kwenye Windows ya biti 64, uweke hali ya upatanifu yoyote. Kama kifaa ni cha USB, jaribu kukipitisha ndani ya mashine pepe. Vivyo hivyo kwa dongle la USB, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kuthibitisha leseni. Kama ni la mlango wa parallel, tunza kompyuta ya zamani, ikate mtandao, na uiwekee diski ya akiba. Programu na michezo ya CD iliyolindwa kwa SafeDisc nayo haifunguki, maana draiva yake iliondolewa kuanzia Windows 10.

Mifumo ya kwenye kivinjari iliyojengwa kwa Internet Explorer ina njia yake: kwenye Edge, fungua "Settings", "Default browser", na uruhusu "Internet Explorer mode", kisha uongeze anwani ya mfumo huo. Anwani hiyo hukaa siku 30, kisha inabidi uirudie.

Toa data wakati programu bado inafunguka

Siku programu inapoamka ndiyo siku ya kuhamisha data yake nje, hata kama mnapanga kuendelea kuitumia. WinISIS hutoa rekodi kwa "Export" katika muundo wa ISO 2709, ambao mifumo ya maktaba kama ABCD au Koha inaweza kuupokea baada ya kupanga upya sehemu za rekodi. Mafaili ya .dbf ya FoxPro, Clipper na dBASE hufunguka moja kwa moja kwenye LibreOffice Calc; nakili na .dbt au .fpt zilizo pembeni yake, maana maelezo marefu yamo humo. Faili la Access 97 halifunguki kwenye Access 2013 na zilizofuata, hivyo ligeuze kwanza kwa Access 2007 au 2010.

Ukitoa kwa CSV, usilifungue kwa kubofya mara mbili. Excel itazila sifuri za mwanzo, na namba ya simu 0754 itageuka 754, namba ya uanachama 00213 itakuwa 213, na ukihifadhi hazirudi. Tumia "From Text/CSV" kwenye kichupo cha "Data" na uziweke safu hizo kuwa maandishi. Linganisha idadi ya rekodi na ile inayoonyeshwa na programu ya zamani, kisha chagua rekodi chache za miaka tofauti uzisome neno kwa neno pande zote mbili, hasa zenye tarehe na kiasi cha fedha.